Swali Nililouliza Rukanga

Nasema wazi: nilimwonea wivu yule kijana hadi chakula kikanishinda. Tulikuwa waripota wa redio hapa Voi, yeye kituo chake, mimi changu, na sote tulikuwa tunawania kazi moja. Runinga kubwa ya Nairobi ilitaka mwakilishi wa kaunti. Mmoja tu. Mimi nimezeekea kwenye hii kazi. Yeye ana sauti nzuri na mashati yaliyopigwa pasi. Mashati!

Sisi waripota wa huku tuna desturi yetu. Kaunti ni kubwa, nauli ni yako mwenyewe, kwa hivyo anayefika kwenye tukio anarekodi na kuwatumia wenzake kwenye grupu la WhatsApp. Kila mtu anakata sauti ya aliyeuliza, anaweka yake, anarusha hewani. Hakuna anayelalamika, maana kesho wewe ndiye utakayeomba.

Basi asubuhi moja ndovu walikuwa wamemaliza mahindi ya watu Rukanga, na mheshimiwa mmoja akaja kuwapa pole. Nilifika na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Yule kijana alikuwa Mwatate, harusini, anakula pilau. Mheshimiwa alipomaliza pole zake nikajipenyeza, nikanyoosha simu. "Mheshimiwa, ule uzio wa umeme uliowaahidi watu hawa wakati wa kampeni uko wapi?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani wewe ulinipigia kura?"

Watu wakaguna. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika mkono. Nikajua hapo nimepata. Nikatuma rekodi kwenye grupu, kama kawaida.

Kituo changu hakikuirusha. Mhariri alisema mheshimiwa ni rafiki wa mwenye kituo, tuweke zile pole tu. Kituo cha kijana kikairusha jioni hiyo hiyo: swali kwa sauti yake nzito, tulivu, halafu jibu. Wacha! Kufikia kesho yake iko kwenye kila simu. Sokoni Voi wauza nyanya wanamwita shujaa. Mama yangu mzazi akanipigia kutoka Ronge: "Huyo kijana wenu ana moyo. Wewe mbona huulizi maswali kama hayo?"

"Mama, ni mimi niliuliza."

"Haya, mwanangu," akasema, ile haya ya kumbembeleza mtoto.

Nililia kwa hasira. Nilitamani sauti imkauke hewani, katikati ya taarifa, Taita Taveta yote ikisikiliza. Na hakuwa amevunja kanuni yoyote, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningemshtaki kwa nani?

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Runinga imemchukua. "Dada, ni Mungu tu!" Alifurahi kweli, na nikamchukia kwa hiyo furaha. "Kwenye intavyuu waliniuliza kama niliogopa siku ile mbele ya mheshimiwa."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ukweli, niliogopa. Nilibana simu kwa mikono miwili isianguke."

Hayo nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe, tulipokutana kwa chai baada ya Rukanga, naye akacheka sana. Nikamwambia hongera, ndugu yangu. Kumbe hata hofu yangu alikuwa ameichukua.