Bidoni Chini ya Karavani

Harufu ya maji ya vyombo, yenye sabuni na samaki mkavu, hunirudisha Kasungami, kwenye karavani ndogo, nyumba ya magurudumu mawili ya kuvutwa na gari, tulimokaa na mama. Maji machafu ya sinki yalishukia kwenye bidoni, dumu la njano lililokaa chini yake. Kazi yangu ilikuwa kuigonga kwa kidole: ikilia, ina nafasi, ikinyamaza, imejaa, nami niliikokota hadi kwenye migomba. Kila asubuhi nilimwomba Mungu isijae.

Wiki moja ikawa inalia tu.

“Mama, maji iko kidogo,” nilimwambia kwa furaha.

Alijigeuza kitandani kwa shida. “Ni muzuri, mutoto yangu. Pumuzika.”

Nikakimbia kucheza. Mama hakuwa amepika wala kuosha chombo, sinki ilikuwa imekauka tangu Jumapili, nami nilidhani Mungu amenisikia.