Njia ya Siri Chini ya Chunya

Saa mbili asubuhi, Lutengano Mwakibinga anafunga mapazia mazito ya chumba kimoja cha chuo kikuu jijini Mbeya, anawasha projekta, anawagawia wanafunzi wa jiolojia miwani maalumu. Ghafla picha ya ardhi ya Chunya inaelea mbele yao, mwamba na mashimo yake, na wanaizungusha watakavyo. Darasa zima linaguna kwa raha. Naye anaguna, ingawa ameiona mara mia.

"Nilikuwa naipapasa gizani na sururu," anasema mhudumu huyo wa miaka 46. "Sasa naizunguka nimesimama, viatu safi."

Alichimba dhahabu Chunya miaka kumi na moja kabla ya kuajiriwa hapa kutunza mitambo.

Juni mwaka jana, mhadhiri Dk. Bertha Nyalusi alikuwa akionyesha eneo ambalo kikundi cha Zabron Mwashiuya kilitaka kuchimba duara jipya, yaani shimo la dhahabu. Picha ilionyesha mwamba mzima. Watu kumi na wanne wangeshuka Jumatatu.

Lutengano alivaa miwani kukagua picha, akapatambua mahali. Pale palipoonekana jiwe tupu, yeye na wenzake walishachimba njia na kupita, enzi za uchimbaji wake. Tena walipita kwa wizi: waliifuata dhahabu chini kwa chini hadi eneo la Zabron, kisha wakaziba mdomo wa njia kwa mawe. Kusema ilikuwa kujitangaza mwizi kazini, kwenye kazi inayosomesha watoto wake watatu.

Wanafunzi walipotoka, alimsogelea mhadhiri.

"Dokta, hapo pana njia, kama mita thelathini kwenda chini. Nimeichimba mimi, na hapakuwa petu. Wakichimba juu yake itawaporomokea."

Dk. Bertha hakuuliza habari za wizi. Alimpigia Zabron asimamishe kazi, wakaenda kupima upya, safari hii kwa karibu zaidi. Picha mpya ilipofunguka, njia ilikuwepo, imepinda vilevile alivyoeleza. Lutengano anasema alicheka huku machozi yanamtoka. Mwandishi wa habari hii naye, alipovaa miwani, alijikuta akinyoosha mkono aiguse.

Sasa chuo kinamtuma Lutengano kukusanya njia za siri za wachimbaji wa zamani, bila kuuliza dhahabu ilikuwa ya nani. Anataka hamsini kabla ya mvua. Amepata tisa.

Ya pili aliileta Zabron mwenyewe. Alivaa miwani, kisha akachora kwa kidole mstari uliopita chini ya eneo la akina Lutengano.

"Na yangu iandikeni, ndugu yangu. Mlikuwa mnalala juu yake."

Jumamosi hii wanapanda pikipiki moja kwenda Chunya, kumtafuta mtu wa kumi.