Tawi Ambalo Sikuliweka

Kuna siku moja haijaniacha mpaka leo, mwanangu, na wala sitaki iniache. Ilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya mavuno, na mimi nilikuwa kijana wa miguu isiyotulia, kama hiyo yako unayoitikisa hapo huku ukinisikiliza. Itulize kidogo.

Baba yangu alikuwa mpagazi. Ujanani alibeba mizigo ya misafara, na safari moja ya Ujiji alifuatana na mdogo wake, Lugendo, mtoto mdogo tu, kazi yake kubeba sufuria. Huko mtoto akashikwa na ndui. Msafara haukuweza kumsubiri mgonjwa, basi baba akamwacha mlangoni kwa mapadre, akajitwika mzigo wake, akaenda. Alipopita tena aliambiwa watoto wa pale wengi wamekufa. Akaamini hivyo, akazeeka akiamini hivyo.

Sasa mwaka ule akaja mrina asali mmoja kutoka Sikonge na habari. Kwenye nyumba ya zamani ya watawa, ng'ambo ya kilima, kulikuwa na bruda mzee aliyekuja kupumzika. Wanamwita Yohana, lakini yeye husema jina lake la nyumbani ni Lugendo, na anaulizia watu wa kwetu. Kesho yake mchana lori la mapadre lingempeleka stesheni ya Tabora apande treni arudi Ujiji.

Baba hakulala. Alfajiri tulishika njia ya mkato, ile ya zamani ya misafara inayopanda kilima. Goti lake lilikuwa limeharibiwa na mizigo, hakuweza kwenda haraka, na macho yake yalikuwa hayaoni mbali tena. Chini ya kilima akasimama.

"Tangulia, mwanangu. Kamwambie Lugendo nakuja, asiondoke. Lakini ufanye kama viongozi wetu wa msafara. Kila penye njia panda, kata tawi bichi, lilaze kwenye njia isiyofaa. Nisipoona tawi sitabahatisha. Nitakaa hapo hapo nikungoje."

"Sawa, baba," nikasema, na moyoni nikacheka. Nani bado anaweka matawi?

Hata hivyo njia panda ya kwanza niliweka. Nikapanda mbio, nikishika mawe, nikiona raha ya nguvu zangu mwenyewe. Kule juu upepo ulinipiga kifuani, nikaona nchi yote imelala chini yangu, miombo mpaka macho yanachoka, na katikati yake ukuta mweupe wa watawa na mnara wa kengele. Sikuwahi kuona jengo kama lile. Pale pale juu njia iligawanyika tena. Nikaiona, mwanangu, siwezi kusema sikuiona. Nikasema moyoni kwamba mnara unaonekana, nani atapotea? Nikateremka nikikimbia.

Nilimkuta bruda amekaa barazani na kanzu yake nyeupe. Sikuhitaji kuonyeshwa ni yupi. Alikuwa na paji la uso la baba, na masikio yale yale yaliyochomoza.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Akanishika mkono, asiuachie. Alinitembeza ndani, akanionyesha kuta nene za wakati wa vita na matundu ya bunduki, akanipa asali na masega yake. Aliniuliza kama baba bado anaimba. Mimi nilikula, nikashangaa, nikauliza maswali, na kila mara yeye alitazama lango.

"Mbona hafiki?"

"Goti, baba mdogo. Anakuja."

Nilisema hivyo mara nyingi. Mpaka dereva alipoanza kupakia mizigo kwenye lori ndipo nikakumbuka lile tawi, nikaiacha asali nikatoka mbio.

Nilipanda kilima kile nikilia. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe penye njia panda, fimbo magotini, ametulia kabisa. Aliponiona alitabasamu, akijua kiongozi wake amerudi kumchukua. Hata hakuuliza kwa nini nimechelewa. Nilimbeba mgongoni tukateremka, na tukiwa bado katikati ya mteremko tukasikia lori linaondoka. Nikaona vumbi lake kati ya miti.

Barazani palikuwa na kiti cha bruda na sahani ya asali aliyomwekea kaka yake. Mlinzi alisema bruda aliomba lori lingoje kidogo, likangoja kidogo, lakini treni nayo ina saa yake. Baba hakugusa asali. Aliniambia neno moja tu: "Nilikungoja pale tulipopatana." Hakunigombeza zaidi ya hapo, na laiti angenichapa.

Bruda alifariki Ujiji masika yaliyofuata, kabla baba hajaweza kumfuata. Tangu siku ile, kila jioni baba aliniita nikae karibu. "Haya, nieleze uso wake." Nami nilieleza paji, masikio, mikono. Miaka ikapita, nikaanza kusahau, naye hakuacha kuuliza. Mwishowe nilikuwa nikitunga. Baba amekwenda kaburini na sura ya mdogo wake ambayo nusu yake niliitunga mimi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Najua una haraka, na huko mbele kuna mengi mazuri ya kuona, sikukatazi. Lakini mtu aliye nyuma yako akikuomba jambo dogo, lifanye, hata kama unaliona la kizee. Usimpimie njia kwa macho yako wala kwa magoti yako. Na ukimwahidi kwamba atakukuta mahali, rudi umtazame mapema, kabla hujashiba.

Haya, nenda. Mungu akupe miguu ya kupanda na shingo ya kugeuka nyuma, na akuepushe na kumsimulia mtu uso ambao alipaswa auone kwa macho yake.