Choki ya Kuzungusha

Miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuonekana tena madukani, fundi bunduki mmoja wa Songea alimwambia baba kwamba anaweza kumfungia choki kwenye shotigani yake. Choki ni chuma kinachobana mdomo wa mtutu ili marisau, zile punje za risasi, yasitawanyike mapema. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mahindi kijijini Mapera, na kibali cha bunduki alikuwa nacho tangu sijazaliwa. Nguruwe pori walikuwa wakiingia kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya kulimia mlimani, na kufukua kila kitu. Mtutu wake ulimwaga marisau ovyo. Nguruwe akiwa mbali kidogo alijeruhiwa tu, akaenda kufia porini.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wakati huo nilikuwa mwalimu Mbamba Bay. Likizo ilipofika nikamsindikiza Songea.

Fundi alituwekea mezani aina mbili. Moja ilikuwa ya kuzungusha: inafungwa mdomoni moja kwa moja, ukikaza pete yake mtutu unabana, ukilegeza unapanuka. Ya pili ilikuwa ya vipande vitatu vya bomba fupi. Unafungua kimoja na kufunga kingine. Baba alivichukua vile vipande, akavipapasa ukingoni kwa ukucha. Kimoja kilikuwa na mkato mmoja, kingine miwili, cha tatu mitatu.

"Nachukua hivi," alisema.

"Baba, hivyo vitapotea," nilimwambia. "Kimoja kikidondoka kwenye majani, basi. Hii ya kuzungusha haina cha kudondoka, na imeandikwa namba. Unasoma tu."

"Hivi nimevizoea mkononi."

"Umevishika sasa hivi, baba."

Fundi akacheka. Baba alivirudisha mezani taratibu. "Haya, mama. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilifurahi. Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Mahindi yalipoanza kubeba, mama alinitumia barua kwa dereva wa basi: mbwa wetu wa shamba amekufa, na baba yako hali chakula. Jumamosi nikapanda gari la kwenda Mbinga. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, kwenye benchi, bunduki iko ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Nilipoketi, akanieleza. Asubuhi yenye ukungu nguruwe alitokea ng'ambo ya kijito, mbwa wetu akamkabili kwa pembeni. Baba akakaza pete, au alidhani amekaza. Ilikuwa laini kote, haina mahali pa kupapasa. Kumbe alikuwa ameilegeza. Marisau yalisambaa, mbwa akapigwa ubavuni, nguruwe akakimbia.

"Mbwa alinifuata hadi mlangoni," alisema. "Anajikokota."

"Hukuziona namba?"

"Namba yoyote sijaiona tangu mwaka juzi."

Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akitafuta nini kwa ukucha wake kule kwa fundi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya fundi? Na wewe ungesema niisalimishe bunduki."

Ni kweli, ningesema. Na siku ile nilisema. Jumatatu tuliipeleka polisi Mbinga. Askari alipomuuliza sababu ya kuisalimisha, alijibu, "Uzee," akageuka kutafuta mlango, nami nikamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono tangu nilipokuwa mdogo, naye hakuutoa.

Hospitali walituambia ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Mwaka ule nguruwe walikula karibu nusu ya mahindi. Mama alishinda shambani akigonga debe, na jioni sauti ilikuwa imemkauka.

Baba hakunilaumu hata mara moja. Nikija likizo aliniuliza habari za shule, za ziwa, kama dagaa wapo. Nami nilimjibu nikiwa nimeketi karibu yake, naye bado ameelekeza uso pale mlangoni nilipokuwa nimesimama kumsalimia.