Bibi Alipoambiwa Anyamaze

Leo sokoni nimenusa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, nikamkumbuka bibi alipokuwa ndiyo kwanza amebatizwa. Sista mmoja mzee alikuja kijijini kwetu Dirma kila juma kumfundisha kusali. Alimwagiza akae kimya kila asubuhi, amsikilize Mungu. Bibi alikaa, akitikisa kibuyu taratibu, mimi nimeegemea goti lake.

Juma lililofuata sista akauliza, "Mama, umesikia nini?"

"Ameniambia nikamwombe jirani msamaha."

Ng'ombe wetu alikuwa amekula mahindi ya jirani huyo, na bado bibi ndiye aliyemtukana yule mama. Tangu hapo hawakusalimiana.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwomba aseme kitu kingine."

"Akasema?"

"Amenyamaza mpaka leo. Nadhani amekasirika."

Sista alifunika mdomo kwa kitambaa. "Hajakasirika, mama. Anakusubiri."

Bibi alinishika mkono, tukaenda. Jirani alikuwa akipura maharage.

"Nimetumwa kuomba msamaha," bibi alisema. "Mimi mwenyewe bado sijawa tayari."

Jirani aliweka fimbo chini, akatazama pembeni.

"Mimi nilitumwa kwako tangu Jumapili," alisema. "Nikajifanya sisikii."