Kaskazini ya Mkeka wa Mama

Nikinusa ukindu mbichi sokoni Kibiti, namwona mama anatandika mkeka wa kusalia.

Mwalimu wetu, mgeni kutoka bara, alisema asiyejua kuelekeza ramani haendi safari ya bandarini Nyamisati. Nami boti sikuwa nimewahi kupanda! Siku hiyo mawingu yalimeza jua na ukoo wake wote.

"Wewe, kaskazini wapi?"

Nikawaza uani kwetu, nikanyoosha mkono. "Kule, mwalimu. Mkeka wa mama huelekea kibla, na kibla huku kwetu ni kaskazini."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Anataka kuisalisha ramani!"

Mwalimu akatoa dira mfukoni, akaitazama. "Nyamazeni. Safari hii ramani atashika yeye."

Jioni mama alinifulia shati langu la mtumba, akalipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe.