Nta ya Nyuki, Si ya Mshumaa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naugusa mkono huu wenye kovu. Nilikuwa kijana pale Buhongwa, nikiandika mabango ya maduka. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, nuru ikimpungua, nami nilimwahidi kumchorea kwa nta iliyoyeyushwa na kutiwa rangi shamba lake la pamba la Magu angali anaona.

Kwa pupa niliyeyusha mishumaa ya dukani, nikachora juu ya ubao uliopakwa rangi ya mafuta. Ilipopoa, picha ikabanduka kama magamba ya sato. Nikairudisha nta juu ya mkaa, ikafuka moshi, ikawaka. Nikaimwagia maji, moto ukaruka, ukanila mkono. Nta ikiwaka, mwanangu, funika kwa mfuniko. Maji yaache mtungini.

Shangazi Nkwimba, aliyefuga nyuki Kisesa, alikuja kuniuguza. Nikajitetea kwamba mchagua jembe si mkulima. Akanitazama kwa upole.

"Ni kweli," akasema. "Lakini umemwona nani akilima kwa mwiko?"

Nilipopona alinipa nta safi ya mizinga yake. Nikatafuta ubao mtupu usiopakwa kitu, rangi ya unga ya kuchanganya na nta, na brashi ya manyoya, kwani ya plastiki hunywea kwa joto. Nikaiyeyusha nta katika kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, madirisha wazi. Kila tabaka jembamba nililipitishia pasi ya mkaa kwa juu, bila kuligusa, lishikane na la chini yake.

Mama aliusogeza ubao usoni. Kisha akauliza mbona nimesahau kichuguu alichokuwa akipumzikia. Hapo nikajua anaona. Nikapasha nta, nikakiongeza palepale.

Basi wewe unayetaka kuanza, usione haya kuanza na vichache: nta halisi, ubao mtupu, brashi moja, rangi mbili, moto mdogo. Vijue kwanza, ndipo uchore. Ukikosea, pasha moto urekebishe. Nta haina kinyongo. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe mkono mtulivu, na wale unaowachorea wakae nawe miaka mingi.